Majaribio Yanayofaulu Mahali Asipo Mtumiaji

Hoja iliyo mezani ni nyepesi kuitamka. Timu inayotengeneza programu itakayotumika katika nchi zaidi ya moja iwe na mashine pepe kadhaa zilizopangwa kwa lugha, saa, sarafu na kalenda za watumiaji wake, na majaribio yanayojiendesha yapitie humo kila mara kabla toleo jipya halijatoka. Naiunga mkono. Wanaoipinga si watu wa kubeza. Wengi wao ndio wanaolipa bili za seva, na ndio wanaoamshwa usiku mambo yakiharibika. Kwa hiyo nitawaacha waseme kwa sauti zao wenyewe, niwajibu mmoja baada ya mwingine, na pale walipo na haki niwape haki yao.

Mashine pepe ni kompyuta kamili inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ina mfumo endeshi wake, diski yake na saa yake. Inaundwa kwa faili la maelekezo na kufutwa kazi ikiisha. Lokali ni jumla ya kanuni ambazo mfumo huo unazifuata kuhusu lugha na mahali: tarehe inaandikwaje, alama ya desimali ni nukta au mkato, wiki inaanza siku gani, maneno yanapangwaje, pesa ina tarakimu ngapi baada ya nukta. Kwenye Linux kanuni hizo zina vigezo tofauti, LC_TIME kwa tarehe, LC_NUMERIC kwa namba, LC_MONETARY kwa pesa, LC_COLLATE kwa mpangilio wa maneno, na kila kimoja kinaweza kuwekwa peke yake. Mashine za majaribio zinazokodishwa kwenye wingu kwa kawaida huja na Kiingereza, mara nyingi cha Marekani, na saa ya UTC. Jaribio likifaulu humo, kilichothibitishwa ni kwamba programu inamfaa mtu anayesoma Kiingereza cha Marekani na anayeishi mahali ambapo saa haipishani na UTC hata kwa dakika moja. Mtu huyo hayuko Kisumu, hayuko Tanga, hayuko Bukavu. Hata Marekani kwenyewe hayuko, maana hakuna jimbo lake linalofuata saa hiyo.

Ushahidi wa kwanza unatoka Uturuki, na ni wa miaka mingi. Alfabeti ya Kituruki iliyoanza kutumika mwaka 1928 ina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina herufi yake kubwa. Herufi i ikikuzwa inakuwa İ. Herufi I ikipunguzwa inakuwa ı. Chukua sasa msimbo wa Java unaopokea jina la safu ya data, ID, unaligeuza kuwa herufi ndogo kwa toLowerCase() bila kutaja lokali, kisha unalitafuta kwenye orodha yenye neno id. Nairobi linapatikana. London linapatikana. Kwenye kompyuta iliyopangwa Kituruki kinachotafutwa ni ıd, na hakipo. Hapo hakuna tafsiri iliyokosewa wala neno baya kwenye skrini. Ni mantiki ya ndani iliyovunjika kwa sababu ya mpangilio ambao mtengenezaji hakuujua. Lugha ya PHP ilibeba kasoro ya aina hiyohiyo. Mwaka 2002 iliripotiwa kwamba ukiweka lokali ya tr_TR, klasi zenye herufi I katika majina yao hazipatikani tena. Kasoro hiyo ilidumu hadi toleo la 5.5, lililotoka mwaka 2013. Yeyote aliyekuwa na mashine ya Kituruki aliweza kuiona ndani ya dakika chache. Asiyekuwa nayo aliweza kuandika PHP miaka yote hiyo bila kujua kwamba ipo.

Kwetu mitego si ya alfabeti, ni ya hesabu na kalenda. Unicode Consortium hutunza hazina ya data za lokali iitwayo CLDR, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003 na ambayo leo hutegemewa na Android, iOS, Java na vivinjari. Humo Kiswahili hakiko kimoja: kuna sw_TZ, sw_KE, sw_UG na sw_CD. Tazama Jumapili ya tarehe 1 Machi 2026. Kwa kanuni za Kenya katika hazina hiyo, wiki huanza Jumapili, kwa hiyo siku hiyo inafungua wiki mpya. Kwa kanuni za Tanzania wiki huanza Jumatatu, kwa hiyo siku hiyohiyo inafunga wiki iliyoanza tarehe 23 Februari. Mwenye duka upande wa Kenya wa mpaka wa Namanga, simu yake ikiwa sw_KE, akifungua ripoti ya mauzo ya wiki hii mchana wa Jumapili ataona mauzo ya siku moja. Jirani yake wa upande wa Tanzania ataona ya siku saba. Programu ni ileile, Kiswahili ni kilekile, na wote wawili wakikaa kulinganisha hesabu kila mmoja atadhani mwenzake anamficha kitu.

Ukivuka kwenda Congo mambo yanazidi kuwa mazito. Katika sw_CD mkato ndio alama ya desimali, na nukta ndiyo inayotenganisha maelfu. Maandishi 1.500 yakisomwa kwa kanuni za Goma ni elfu moja na mia tano. Yakisomwa kwa kanuni za Dodoma ni moja na nusu. M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 inafanya kazi pia Tanzania na Congo, na yeyote anayetengeneza programu ya duka, ya mkopo au ya ada za shule ya kuunganishwa na huduma ya namna hiyo katika nchi zote tatu anaibeba tofauti hii apende asipende. Kuna na suala la senti. Katika kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hazina desimali hata moja, na riali ya Omani ina tatu. Programu iliyozoea mbili itakosea pande zote: itaongeza senti Kampala na itakata baisa Muscat.

Msimamizi wa bidhaa anainuka wa kwanza. “Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri, ila unajibu swali ambalo wateja wangu hawaulizi. Chungulia simu za watu ndani ya daladala au matatu. Nyingi ziko Kiingereza. Kompyuta za ofisini ndiyo kabisa. Watu wanazungumza Kiswahili mchana kutwa, lakini mashine zao hawajawahi kuzigusa tangu zitoke dukani. Nikijaribu kwa Kiingereza cha Marekani nimemjaribu mtu aliyepo, siyo yule ninayetamani awepo.”

Anachosema kuhusu simu ni kweli, na ndicho kinachonifanya niishikilie hoja kwa nguvu zaidi. Mtu anayemwelezea ana lugha ya Marekani, saa ya Dar es Salaam, shilingi mfukoni, na akilini mwake tarehe inaanza na siku kabla ya mwezi. Mchanganyiko huo haupo kwenye mashine ya kukodi. Mashine hiyo ina lugha ya Marekani na saa ya UTC, na saa tatu zinazopishana zinatosha kuharibu mahesabu: malipo yaliyofanywa Tanzania kati ya saa sita na saa tisa usiku yataandikwa kuwa ya jana, na siku ya kwanza ya mwezi yataangukia mwezi usio wake. Jaribio linaloendeshwa kwa UTC halitaliona hilo kamwe, kwa kuwa ndani ya mashine hiyo usiku wa manane wa mtumiaji na usiku wa manane wa seva ni kitu kimoja. Tarehe 03/10 nayo mashine inaisoma kuwa 10 Machi. Mwenye simu anaisoma kuwa 3 Oktoba. CLDR ina en_TZ na en_KE, lokali za Kiingereza zinazotanguliza siku, na ni watengenezaji wachache wanaojua kwamba zipo. Kwa hiyo, ndugu msimamizi, nakubaliana nawe kwamba mtu wako si wa sw_TZ. Basi ijengwe mashine yake jinsi alivyo, kwa mchanganyiko wake wote.

Wala Kiingereza chenyewe si ngome. Oktoba 2022 toleo la 42 la CLDR lilibadilisha nafasi inayotenganisha saa na PM katika Kiingereza. Ilikuwa nafasi ya kawaida. Ikawa nafasi nyembamba isiyokatika, ambayo katika Unicode ni U+202F. Kwa macho, 2:30 PM ya zamani na ya sasa hazitofautiani. Kwa programu inayosoma saa hiyo kwa kutegemea nafasi ya kawaida, ni maandishi mengine kabisa. Java 20 ilipotoka Machi 2023 na data hiyo, majaribio na programu zilizosoma saa kwa namna hiyo zilianguka bila mstari hata mmoja wa msimbo kuguswa, na watengenezaji wa Chrome walilazimika kuirudisha nafasi ya kawaida ili tovuti zisivunjike. Walioumia hapo ni wale waliodhani suala la lokali ni la lugha za watu wengine.

Sauti ya pili ni ya kijana wa makontena, na ana haraka. “Kaka, mashine pepe ya nini siku hizi? Naandika LANG=sw_TZ.UTF-8 mstari wa kwanza, TZ=Africa/Nairobi mstari wa pili, kontena limewaka kwa sekunde. Kivinjari nacho, Playwright inaniruhusu kutaja lokali na saa za eneo kwa kila jaribio. Gigabaiti zote hizo za mfumo mzima ni mzigo wa bure.”

Huyu nampa zaidi ya nusu ya anachodai. Kwa programu ya seva inayoendeshwa kwenye Linux, kontena lililopangwa vizuri linatosha, na kuibebea mashine nzima ni kupoteza muda. Tatizo liko kwenye hilo neno “vizuri”. Fungua kontena jipya la Debian kisha uandike locale -a. Utaonyeshwa lokali ya C, ndugu yake ya UTF-8, na POSIX. Sw_TZ haimo, kwa sababu haijazalishwa. Kigezo cha LANG kimewekwa, hakuna aliyekukataza, lakini programu ya C inapoomba lokali hiyo inajibiwa kwamba imeshindikana, na isipojali jibu hilo inaendelea na kanuni za C kimyakimya. Saa nayo ni hivyohivyo. Kwenye kontena la Ubuntu ambalo halijasakinishiwa kifurushi cha tzdata, amri TZ=Africa/Nairobi date huchapisha saa ya UTC na kuibandika neno Africa kando yake. Jaribio linafaulu, ripoti inasema limepita kwa Kiswahili cha Tanzania na saa ya Nairobi, kumbe halikufika hata kwenye geti. Kontena la Alpine lina jambo lake jingine: maktaba yake ya msingi, musl, haipangi maneno kwa kufuata lokali, hata ukiitajia lokali ya nchi gani. Na mashine pepe hazina kinga ya uzembe huu. Kwenye Debian na Ubuntu, ssh kwa mipangilio yake ya kawaida husafirisha LANG na vigezo vya LC kutoka kwenye kompyuta ya anayeingia, na upande wa pili huvipokea, kwa hiyo mtu akiingia na kuendesha majaribio kwa mkono anakuwa ameiletea mashine ya Kituruki mazingira ya ofisi yake. Ndiyo maana nasema jaribio la kwanza kabisa, kabla ya lolote linalohusu programu, liwe la kuihoji mashine yenyewe: iandike tarehe, ipange maneno matatu, ionyeshe elfu moja mia tano na nusu, ikuze herufi i, na majibu yakitofautiana na yanayotarajiwa kazi isimame hapohapo.

Kuna tukio linaloonyesha kwa nini jina la lokali pekee halitoshi, hata likiwa limezalishwa. Agosti 2018 maktaba ya glibc, ambayo karibu kila Linux kubwa inaitegemea, ilitoa toleo la 2.28 lenye kanuni mpya za kupanga maneno. Kabla yake, ukipanga 1-1 na 11 chini ya en_US.UTF-8, 11 inatangulia. Baada yake, 1-1 inatangulia. Jina la lokali halikubadilika hata herufi. Sasa hifadhidata ya PostgreSQL huhifadhi faharasa zake zikiwa zimepangwa tayari, na kwa kawaida huiuliza maktaba hiyo mpangilio. Faharasa iliyojengwa kwenye mfumo wa zamani ikisomwa kwenye mfumo mpya, utafutaji unapita njia isiyo sahihi: rekodi ipo na haionekani, na jina lililokatazwa kurudiwa linaweza kuingizwa mara ya pili. Hii ni hitilafu ya data za watu, majina ya wagonjwa na akaunti za wateja, na chanzo chake ni kuhama kutoka Ubuntu 18.04 kwenda toleo lililofuata. Kijana wa makontena atasema kontena hubeba glibc yake, na ni kweli. Lakini data haikai ndani ya kontena. Inahama na diski, na anayetaka kujaribu kuhama huko anahitaji mashine mbili, ya zamani na mpya, na diski inayotoka huku kwenda kule.

Ila kinachomaliza ubishi huu kwangu ni Windows. Faili la kusakinisha Windows bila mtu lina vipengele vinne tofauti vya lugha na mahali: kibodi, lokali ya mfumo, lugha ya skrini, na lokali ya mtumiaji. Lokali ya mfumo, inayotawala programu za zamani zisizotumia Unicode, haibadiliki mpaka mashine izimwe na kuwashwa, kwa hiyo haibadiliki katikati ya jaribio. Lugha ya usakinishaji nayo huacha alama ndani kabisa ya mfumo. Kundi la wasimamizi linaloitwa Administrators kwa Kiingereza ni Administratoren kwenye Windows ya Kijerumani na Administrateurs kwenye ya Kifaransa, na skripti inayolitafuta kwa jina la Kiingereza inakwama hapo. Kinachofanana kote ni namba yake ya utambulisho, S-1-5-32-544. Zama za Windows XP hata folda ya programu kwenye diski iliitwa Programme kwa Kijerumani. Mambo haya huyapati kwa kubadilisha kigezo. Hospitali ya Bujumbura au Bukavu yenye kompyuta zilizosakinishwa Windows ya Kifaransa ni mahali programu ya Nairobi inaweza kushindwa kujisakinisha tu, kabla hata ya kufika kwenye tarehe na namba.

Sasa anazungumza mwenye bajeti, na ni yeye ninayemwogopa kuliko wote kwa sababu ana kikokotoo. “Lugha sita, mifumo endeshi minne, vivinjari vitatu, kanda za saa tano. Hiyo ni michanganyiko 360. Kila mmoja nusu saa. Nani analipa? Wenzetu wa Lucene, maktaba ya Java ya kutafuta maandishi, wamelimaliza hili kwa njia rahisi: kila majaribio yao yakianza, lokali na saa za eneo huchaguliwa kwa bahati nasibu, na mbegu ya uchaguzi huo huchapishwa ili kosa likitokea liweze kurudiwa vilevile. Android nayo ina lokali za kubuni, en-XA ya kurefusha maneno na ar-XB ya kugeuza uandishi uende kulia kwenda kushoto. Gharama yake karibu sifuri. Tuchukue hizo, twende nyumbani.”

Dada yangu, tuzichukue, na kesho ikiwezekana. Njia ya Lucene ni nzuri mno. Ingetumika tangu mwanzo katika kila timu, sehemu kubwa ya makosa kama ya Kituruki ingekamatwa na jaribio la sekunde mbili. Lakini bahati nasibu hukamata makosa yaliyo ndani ya mchakato mmoja wa Java, na haiwezi kukuchagulia kompyuta ambayo kundi lake la wasimamizi lina jina jingine. Kuhusu zile 360, hesabu ni sahihi, ila hakuna anayezihitaji zote. Mitego hujirudia. Mashine ya Kituruki inakamata kosa la herufi kwa niaba ya wote. Windows ya Kijerumani yenye saa ya Berlin inakamata mkato wa desimali na majina ya mfumo yaliyotafsiriwa, na juu yake inakamata kitu ambacho mtengenezaji wa Afrika Mashariki hakioni nyumbani, yaani kubadilishwa kwa saa: Jumapili ya mwisho ya Machi, saa nane na nusu usiku haipo kabisa Berlin, kwani saa huruka kutoka nane kwenda tisa, na mtu aliyepanga kumtumia mama yake pesa kila siku muda huo anastahili kujua programu itafanya nini. Kiarabu cha Misri kinatoa tarakimu nyingine; String.format ya Java ikiandika namba bila kutaja lokali, tarakimu hizo zinaingia hadi kwenye anwani ya tovuti na kwenye amri ya hifadhidata. Kithai cha .NET kinaandika mwaka 2026 kuwa 2569, kwa kalenda ya Kibudha. Kisha zetu: sw_KE kwa wiki inayoanza Jumapili, kiigizi cha Android chenye sw_CD na saa ya Lubumbashi kwa mkato na faranga, na ile ya mchanganyiko, Kiingereza cha Marekani na saa ya Dar es Salaam. Hizo ni saba. Haziendeshwi kila mstari ukibadilishwa. Zinaendeshwa usiku mara moja, na kabla ya kutoa toleo. Anayeuza Arusha na Moshi pekee aondoe nne na asijilaumu.

Mtafsiri amekaa kimya muda mrefu, na pingamizi lake ni la aina nyingine. “Mtamaliza mashine saba zote zikiwa kijani na programu bado itamsemesha mtu Kiswahili kisichosemwa na mtu. Na mna habari kwamba programu zenu zinaandika saa 8:00 asubuhi? Kwa Mswahili saa nane si asubuhi, ni mchana. Mashine yenu itaisoma hiyo na kupita.”

Hapo sina cha kubisha. CLDR ina alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku kwa Kiswahili, lakini saa yenyewe inaihesabu kuanzia usiku wa manane, na hakuna kitufe katika maktaba za kawaida cha kuhesabu kuanzia machweo na macheo. Mashine iliyopangwa sw_TZ itatii data iliyopewa, na data hiyo haina saa yetu. Ninachoweza kumpa mtafsiri ni nafasi ya kuona. Katika timu nyingi hupewa jedwali la maneno yaliyotengwa na skrini zake, “Funga” katika mstari wa 212, bila kujua ni kufunga akaunti, dirisha au hesabu za mwezi. Mashine ya sw_KE ikiendesha majaribio usiku inaweza kupiga picha ya kila skrini inayopita, na asubuhi mtafsiri akazikuta zote, namba, tarehe na saa zikiwa mahali pake. Saa 8:00 asubuhi itamgonga jicho kwenye picha ya pili. Kazi ya kuhukumu inabaki yake. Mashine imemletea kesi.

Wa mwisho ni mtunza mifumo, mtu wa maneno machache. “Mashine hizi zitazeeka. Nikizisasisha, majaribio yatageuka mekundu kwa mambo ambayo si yetu, kama hiyo nafasi yako nyembamba. Nisipozisasisha, tutakuwa tunajaribu dunia ya mwaka juzi. Na baada ya miezi sita ya wekundu usio na maana, hakuna atakayeziangalia.”

Pingamizi hili ndilo linaloua mipango mingi ya aina hii, na jibu lake ni la utunzaji. Kwanza, mashine isipangwe kwa mkono. Lokali na saa za eneo ni mistari miwili katika faili la cloud-init, na kwa Windows ni vile vipengele vinne katika faili la kusakinishia. Mafaili hayo yakae pamoja na msimbo wa programu, yapitiwe na wenzako kama msimbo mwingine wowote, na mashine ijengwe upya kutoka humo badala ya kupigwa viraka. Pili, kila mashine iwe na nakala mbili. Moja imefungwa: toleo la mfumo, la glibc, la Java na la CLDR vyote vimetajwa kwa namba na havisogei mpaka timu iamue. Nyingine iko huru, inajengwa kila wiki na kuchukua chochote kipya kilichotolewa. Iliyofungwa ikigeuka nyekundu, kosa ni letu, na toleo lisitoke. Iliyo huru ikigeuka nyekundu peke yake, msimbo haujaharibika. Kuna kitu kimebadilika nje, na tuna wiki kadhaa za kukijua kabla hakijafika kwenye kompyuta za watu. Java 18, iliyotoka Machi 2022, ilifanya UTF-8 kuwa usimbaji wa kawaida kila mahali badala ya kufuata mfumo endeshi. Kwa programu iliyokuwa ikisoma mafaili ya zamani kwenye Windows yenye usimbaji 1252 bila kuutaja, jina la Noël lilianza kusomwa vibaya. Timu yenye nakala mbili ingeyaona hayo kwenye mashine yake huru ya Windows ya Kijerumani juma lilelile Java hiyo ilipotoka, ingali ikiwahudumia wateja kwa Java 17, na ingepata muda wa kutosha kutaja usimbaji katika kila mstari unaofungua faili.